Tafuna Pande Zote Mbili

Kijitabu cha elimu ya afya kwa nyumba za Uthiru, mtaa wa 87, Kinoo na Kangemi

ANZA HAPA

Kama una nafasi ya kusoma ukurasa mmoja tu, soma huu. Tafuna pande zote mbili za kinywa. Tonge hili kulia, linalofuata kushoto. Kama kuna upande usioweza kuutumia, upande huo una ugonjwa, na ugonjwa wenyewe una tiba. Usiuhame.

Nimeandika kijitabu hiki kwa sababu nimechoka kuona watu wakiteseka kwa jambo ambalo lingezuiwa nyumbani. Mgonjwa huja kliniki ameshika sikio la kulia. Ameshatia matone aliyouziwa kemisti, ameshameza antibiotiki nusu dozi, na maumivu yako palepale. Nikimulika sikio, ni safi. Nikimwambia afungue kinywa, naona gego la chini kushoto limetoboka shimo la kuingia punje ya mchele, na meno yote ya kushoto yana utando mnene wa njano, kwa maana hakuna chakula kigumu kilichopita huko kwa muda mrefu. Namuuliza anatafunia wapi. Hapo ndipo anapokumbuka kwamba alihamia kulia mwaka juzi, siku alipouma punje ngumu ya githeri, na tangu hapo hajarudi. Sikio halina kosa. Kinachouma ni kiungo cha taya, kilicho mbele kidogo ya tundu la sikio, pamoja na msuli wa shavu uliobebeshwa kazi ya pande mbili.

Mwingine huja na kichwa kinachogonga panjani kila jioni. Mwingine shingo imekaza, ameshabadilisha mto na bado. Mwingine taya linalia "ko" akipiga mwayo. Si kila kichwa kinachouma kinatokana na kutafuna, wala si kila shingo. Lakini swali la unatafunia wapi halina malipo, na wengi wanafika utu uzima bila kuulizwa hata mara moja.

Tafuna pande zote mbili.

JIPIME NYUMBANI

Weka vidole viwili vya kila mkono kwenye panja, kando ya macho. Uma meno kwa nguvu, kisha achia. Kuna kitu kinatuna chini ya vidole. Huo ni msuli wa kutafuna, na umepanda mpaka kichwani. Sasa shusha vidole hadi kwenye mashavu, karibu na pembe ya taya, uume tena. Huo ni wa pili. Linganisha kulia na kushoto. Anayetafunia upande mmoja kwa miaka mara nyingi atakuta upande mmoja umejaa na mwingine umelegea, au upande mmoja unauma ukiubonyeza.

Kipimo kingine. Kaa wima, gonganisha meno polepole, uangalie yanakutana wapi. Kisha inamisha kichwa kwa kadiri unavyokiinamisha ukisoma simu, ugonganishe tena. Halafu tazama dari, gonganisha. Hayakutani mahali pamoja. Kichwa kikihama, taya nalo linahama, na misuli inalazimika kutafuna kwa mkao mwingine.

Cha tatu: fungua kinywa chote, polepole. Utaona kichwa kinarudi nyuma kidogo chenyewe. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Umeå kule Uswidi wamelipima jambo hili kwa vyombo vyao na kuonyesha kwamba taya na shingo huenda pamoja kila tunapofungua na kufunga kinywa. Huwezi kulitesa taya ukaiacha shingo imepumzika.

Cha nne ndicho kipimo cha kweli. Mwombe mtu wa nyumbani akuangalie ukila, siku asiyokuambia. Ukijitazama mwenyewe kwenye kioo utatafuna vizuri kwa sababu unajua unapimwa. Aangalie shavu lipi linacheza zaidi, tonge la kwanza linakwenda wapi, na kama kichwa chako kinalalia upande mmoja unapotafuna nyama. Mke amwangalie mume, mume amwangalie mke, na wote wawili wawaangalie watoto.

KWA NINI TUNAHAMA UPANDE

Kwa sababu kuna jino bovu. Hiyo ndiyo sababu kubwa, na nyingine zote ni ndogo. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya kinywa wa mwaka 2015 ulikuta kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya watatu nchini Kenya ana meno yaliyooza. Sasa hesabu watu wazima walio katika ploti yenu.

Jino bovu haliumi kila siku, na hapo ndipo linapotudanganya. Linauma kwa maji baridi, linatulia. Linauma usiku mmoja, unameza vidonge viwili vya dukani, asubuhi unaenda kazini. Taratibu ulimi unajifunza kusukuma chakula upande wa pili, na wewe unadhani umepona. Hujapona. Umehama. Jino linaendelea kuoza upande ule usiotembelewa, na upande unaotembelewa unachoka.

Vidonge vya maumivu navyo vina hesabu yake. Mtu anayevimeza zaidi ya siku kumi au kumi na tano kwa mwezi anaweza kupata kichwa kinachouma kwa sababu ya vidonge vyenyewe. Vingine, hasa ibuprofeni na diklofenaki, vikimezwa mara kwa mara huchubua tumbo mpaka litoe damu. Na kuweka kidonge cha maumivu, spiriti ya kupaka au petroli juu ya jino huunguza fizi. Nimeona fizi zilizobabuka hivyo. Usifanye, na usimfanyie mtoto.

Sababu nyingine ni pengo. Jino liking'olewa bila kuwekwa lingine, majirani zake hulala kuelekea kwenye nafasi ile, na jino la juu hushuka likitafuta mwenzake. Baada ya muda upande wote haukutani tena vizuri. Ukishauriwa kuweka jino la bandia baada ya kung'oa, usidhani ni urembo.

Sababu ya tatu: jino lililozibwa likabaki juu kidogo. Kama umezibwa jino na baada ya siku chache bado unaligonga kabla ya mengine, rudi likapunguzwe. Ni kazi ya dakika chache. Usihame.

Tena nasema: usihame. Tafuna pande zote mbili, na ukishindwa, nenda ukaonyeshe jino.

JINO LA MIAKA SITA

Mzazi, soma sehemu hii mara mbili.

Mtoto akiwa na miaka kama sita, anapokuwa PP2 au Gredi ya Kwanza, gego jipya huota nyuma kabisa, juu na chini, kulia na kushoto. Haling'oi jino lolote ili kuota. Linajitokeza tu nyuma ya mengine, kimyakimya, wakati wewe unashughulika na yale ya mbele yanayolegea. Kwa kuwa hakuna kilichong'oka, wazazi wengi hudhani ni jino la utotoni na kwamba litaanguka lenyewe. Halitaanguka. Hilo ni la maisha. Likioza akiwa na miaka minane, mtoto anajifunza kutafunia upande mmoja akiwa na miaka minane, na anaingia na tabia hiyo utu uzimani.

Jioni moja kila wiki, mwambie mtoto alaze kichwa mapajani pako, afungue kinywa, umulike kwa tochi ya simu. Tafuta doa jeusi, doa jeupe kavu au shimo kwenye magego ya nyuma. Madoa ya kahawia yaliyosambaa kwenye meno mengi kwa pamoja mara nyingi hutokana na maji ya visima yenye floridi nyingi, jambo la kawaida Nairobi na Kiambu. Hayo si kuoza, lakini yaonyeshe pia.

Msugue meno mwenyewe hadi afikishe miaka saba au minane. Mkono wake mdogo haufiki nyuma. Dawa ya meno iwe kiasi cha punje ya mchele kwa aliye chini ya miaka mitatu, na punje ya njegere kwa mkubwa zaidi, naye ateme. Usiku ndio muhimu zaidi. Baada ya mswaki wa usiku ni maji tu: hakuna uji, hakuna soda, hakuna chupa ya maziwa kitandani.

Mtoto anayebana chakula shavuni muda mrefu, anayekataa nyama na karoti mbichi lakini anakula ugali laini, anayelalia kiganja upande mmoja akila: huyo usimchape kwa kuringa. Mtazame meno.

KUSHIKA TAMA

Usile ukiwa umeegemeza shavu kiganjani.

NAMNA YA KUKAA UNAPOKULA

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo nne hadi tano, sawa na pakiti mbili za unga za kilo mbili na zaidi kidogo. Kikikaa juu ya mabega, shingo inakibeba bila kulalamika. Kikisogezwa mbele kufuata sahani iliyo mapajani, huku simu iko mkono wa kushoto, misuli ya nyuma ya shingo inakining'iniza mlo mzima. Juu ya mzigo huo unaiongezea kutafuna. Ndiyo maana mtu anamaliza kula nyama ya mia mbili na shingo imechoka.

Niseme wazi nisichosema. Sisemi kwamba kutafuna upande mmoja kunapinda uti wa mgongo. Kuna watu wanaouza maneno hayo mitandaoni, pamoja na vipande vya plastiki vya kuuma ili "kunyoosha uso". Usiwape pesa yako. Ninachosema ni kidogo zaidi na kina uhakika zaidi: mkao wa kichwa hubadilisha namna taya linavyokutana na kiasi cha kazi ya misuli, na misuli iliyochoshwa kila siku hatimaye huuma.

Nyumba nyingi za Uthiru ni za chumba kimoja au bedsita, na hazina meza ya kulia. Huhitaji meza. Huhitaji kununua kitu. Kaa kwenye stuli, ukingo wa kitanda au kochi, nyayo zote mbili zikiwa chini. Sogea mbele ya kiti ili mgongo usizame kwenye mito ya kochi. Mbele yako weka stuli nyingine, au ndoo yenye kifuniko, na juu yake sahani. Kisha peleka chakula mdomoni. Usipeleke mdomo kwenye chakula. Kidevu kiinuke, macho yatazame mbele.

Simu iwe kifudifudi.

Na runinga je? Sikatazi runinga. Lakini angalieni viti vyenu. Katika nyumba nyingi kila mtu ana mahali pake, na kuna mtoto mmoja ambaye kila usiku anakula akiwa amegeuza shingo kushoto, kwa sababu runinga iko kushoto kwake. Badilishaneni viti. Leo huyu, kesho yule. Mara nyingi mtu anayegeuza shingo upande mmoja hutafunia upande mmoja pia, bila kujua.

Usile umelala. Usimlishe mtoto amelala. Nitarudi kwa hilo.

WANAOTAFUNA MUGUKA NA MIRAA

Ninawajua wasomaji wangu. Bawabu wa geti anayekesha kwenye baridi ya Julai, kijana wa boda boda anayesubiri abiria stejini, dereva anayepeleka mboga sokoni alfajiri: wengi wenu mnatafuna muguka wa Mbeere au miraa ya Meru, na mtaendelea kutafuna hata nikikataza. Sheria haiwazuii. Miraa ilitambuliwa kuwa zao la biashara nchini mwaka 2016. Viongozi wa Mombasa, Kilifi na Taita Taveta walipojaribu kuzuia muguka Mei 2024, jambo hilo lilifika mahakamani. Uingereza nayo iliupiga marufuku mmea huo Juni 2014. Mimi siandiki sheria. Ninaandika kuhusu taya lako.

Mlo wa kawaida ni dakika kumi na tano. Kutafuna muguka ni saa nne, tano, sita. Kwa saa zote hizo donge linakaa shavu moja, lile lile la jana, na taya halipumziki. Unaongezea chingamu ili kupunguza uchungu, na chingamu inaongeza kazi. Unaongezea njugu. Unaongezea soda, na sukari yake inalala juu ya meno usiku kucha. Bawabu yuko kwenye kibanda, amejikunyata kwa baridi, mabega yako masikioni, kichwa kimesogea mbele kuelekea redio. Boda boda amekaa juu ya pikipiki kwa ubavu, kiwiko juu ya tangi, kichwa kimelalia bega. Asubuhi huyo ndiye anayekuja kliniki akiniambia hawezi kufungua kinywa kikatosha vidole viwili.

Ushauri wangu wa kwanza ni kuacha. Muguka na miraa hupandisha mapigo ya moyo na presha, huondoa usingizi na njaa, na mwenye presha au ugonjwa wa moyo hafai kuvigusa. Mama mjamzito na anayenyonyesha hafai kuvigusa. Hilo ni bila majadiliano.

Ushauri wa pili ni kwa yule ambaye leo hataacha. Usilale na donge shavuni, hata dakika moja. Watu hukabwa usingizini. Punguza saa. Tema mapema. Hamisha donge, maana shavu la kila siku ndipo fizi zake zinapochubuka na ngozi yake ya ndani inapogeuka nyeupe na kukunjamana. Kunywa maji matupu badala ya soda. Shuka kwenye pikipiki, simama, zungusha mabega. Kutafuna pande mbili hakuufanyi muguka kuwa chakula salama. Kunapunguza dhara moja tu kati ya mengi.

Kila mwezi jitazame ndani ya shavu kwa kioo na tochi. Doa jeupe au jekundu lisilotoka, au kidonda kinachopitisha wiki mbili, ni safari ya kwenda hospitali.

MENO SI KOLEO

Usifungue soda kwa meno, usikate uzi kwa meno, usishike misumari kwa meno. Fundi wa viatu, fundi wa mbao, fundi wa nguo, haya yanawahusu.

MENO YASIGUSANE

Wakati huli wala humezi, midomo ifungwe na meno yaachane kidogo. Huo ndio mkao wa mapumziko. Watu wengi hawaujui. Wanauma meno kwenye foleni ya Waiyaki Way, wanauma wakihesabu kodi ya nyumba, wanauma wakibeba mitungi ya maji, na usiku wanayasaga mpaka mwenzao anaamka. Weka alama mahali unapotazama mara nyingi, kwenye kioo cha gari au mlangoni. Kila ukiiona, jiulize: meno yangu yanagusana? Yaachanishe, shusha mabega. Anayesaga meno usiku amwone daktari wa meno. Kuna kifaa cha kuvaa usiku kinachoyalinda.

SHOSHO NA GUKA

Mzee aliyepoteza magego hatafuni. Anasukuma na kumeza. Nyama ya kuchoma kwake ni hatari. Usimpe kipande kikubwa kwa heshima. Heshima ni kumkatia nyama ndogo ndogo, kumpondea githeri au kumpikia mukimo laini, na kumpa muda. Akae wima, asile amelala kwenye kochi, na akae wima tena kama nusu saa baada ya kula. Meno ya bandia yanayocheza yapelekwe yakarekebishwe. Yakicheza atatafunia upande mmoja ili yasitoke. Usiku yatolewe, yasuguliwe, yalazwe majini.

Mzee anayekohoa kila akinywa maji, au ambaye sauti yake inakuwa ya majimaji baada ya kula, apelekwe hospitali. Huenda chakula kinaingia kwenye mapafu.

KUKABWA NA CHAKULA

Sehemu hii imejaa maonyo, na yote ni ya lazima.

Usimlishe mtoto mchanga akiwa amelala chali. Usimzibe pua ili ameze uji. Usimpe mtoto wa chini ya miaka mitano njugu nzima, bisi au peremende ngumu. Zabibu na soseji zikatwe kwa urefu, vipande vyembamba. Mtoto asikimbie na chakula kinywani, asicheke akitafuna, asile kwenye matatu inayorukaruka matuta ya Naivasha Road. Mtu mzima asile nyama choma huku akinywa pombe na kusimulia hadithi kwa pamoja. Usimpe mtu chakula akiwa na usingizi mzito, amelewa au ndiyo kwanza ametoka kwenye kifafa.

Mtu akikabwa na bado anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Usimpige, usimpe maji, usimpe tonge la ugali "likasukume".

Akishindwa kukohoa, kusema au kupumua, muinamishe mbele na umpige kwa kisigino cha kiganja katikati ya mabega, mara 5. Bado? Simama nyuma yake, mzungushie mikono tumboni, ngumi moja juu ya kitovu na chini ya mbavu, uvute ndani na juu kwa ghafla, mara 5. Rudia, tano na tano. Mama mwenye mimba kubwa au mtu mnene sana, sukuma kifua badala ya tumbo.

Mtoto wa chini ya mwaka mmoja usimminye tumbo kamwe. Mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini ya kifua, shikilia taya, mpige mgongoni mara 5. Mgeuze chali, msukume kifua kwa vidole viwili katikati, mara 5. Rudia.

Usiingize kidole kooni kutafuta usichokiona, utakisukuma ndani. Mtu mwingine apige simu 999 au 112 wakati wewe unaendelea. Hata akipona, aliyesukumwa tumbo apelekwe akaangaliwe.

USINGOJE KESHO

Nenda hospitali leo, hata kama ni usiku, ukiona mojawapo ya haya. Taya au shingo imevimba na kuna homa, au kumeza kumekuwa kugumu, au mate yanatiririka: uchafu wa jino umeshuka shingoni na unaweza kuziba pumzi. Taya limekaza halifunguki, na siku au wiki zilizopita ulichomwa na msumari au una kidonda: inaweza kuwa pepopunda. Uso umeanguka upande mmoja, chakula kinadondoka pembeni mwa mdomo, mkono umelegea, maneno yamechanganyika: huo ni kiharusi, si meno, na kila dakika ina thamani. Taya linauma pamoja na kifua, jasho baridi na kukosa pumzi: huo unaweza kuwa moyo.

Taya likifunguka likakataa kufunga baada ya mwayo, usiligonge, usimwite jirani alirudishe kwa kofi. Lishikilie kwa kitambaa, nenda hospitali.

TAYA LIKIKUUMA KWA UCHOVU

Wiki moja au mbili kula vyakula laini: uji, ndengu, viazi vilivyopondwa, mayai, samaki. Chakula kikatwe kidogo. Acha chingamu, mahindi ya kuchoma, miwa na muguka. Weka kitambaa cha maji ya moto yasiyounguza kwenye shavu na panja dakika 10 hadi 15, mara mbili au tatu kwa siku. Ukipiga mwayo, shikilia kidevu kwa ngumi kutoka chini. Ncha ya ulimi iguse juu, nyuma ya meno ya mbele, kisha fungua kinywa polepole bila ulimi kuachia, mara sita, asubuhi na jioni. Lala chali au ubavu, si kifudifudi.

Laini haimaanishi upande mmoja. Hata uji mzito wenye vipande, uzungushe kulia na kushoto. Maumivu yasipopungua baada ya wiki mbili, nenda kwa daktari wa meno.

UKIENDA KWA DAKTARI WA MENO

Uliza kwanza katika kituo cha afya cha kaunti kilicho karibu nawe, Waithaka, Riruta au Kangemi, kama kuna huduma ya meno na siku gani. Kazi kubwa zaidi hupelekwa hospitali, kwa mfano Mbagathi, au PCEA Kikuyu kwa walio upande wa Kinoo. Shule ya meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyo Barabara ya Argwings Kodhek, hutibu pia. Mhudumu wa afya ya jamii wa eneo lako anaweza kukuelekeza. Beba kitambulisho, na uulize bima ya afya ya SHA inalipia nini kabla ya kukaa kwenye kiti.

Usimpe kinywa chako mtu anayeng'oa meno nyuma ya duka. Daktari wa meno amesajiliwa na baraza lao, KMPDC, na ana leseni ya mwaka huu. Una haki ya kuiona.

Usiseme tu "jino linauma". Mwambie unatafunia upande gani na tangu lini. Mwambie kama sikio, panja au shingo inauma, na saa gani inauma zaidi. Mwambie kama taya linalia au linakwama. Mwambie unatafuna muguka, saa ngapi kwa siku, hatakushtaki. Mwambie vidonge ulivyomeza. Uliza kama jino linaweza kuzibwa kabla ya kukubali ling'olewe. Likishatibiwa, muulize ni siku gani unaweza kuanza kulitafunia tena, na siku hiyo ikifika, tonge la kwanza lipeleke upande huo.